Mkono wa Kushoto

Alhamisi sikwenda kazini. Nilimdanganya msimamizi
kwamba jino lanisumbua, nikashuka Mikindani
na noti ya elfu moja niliyoikunja mara nne ndani ya kava ya simu,
ingawa nilikwisha ambiwa huduma ni bure.
Cha bure hukiamini? Mimi hubeba pesa.

Kabla ya hapo nilikusanya ushauri
kama mtu akusanyaye madeni.
Shangazi Mghoi: sindano hukausha kizazi.
(Ana watoto saba, na hajadungwa hata ya malaria.)
Nyevu wa chumba cha pili: meza ile ya dharura, shoga,
kesho yake umesahau. Yeye huimeza kila Jumatatu
kama alipaye chama.
Dada yangu Wakesho alivuja damu miezi miwili na kijiti, akakitoa;
mwenziwe kazini anacho mwaka wa nne,
hukikumbuka akioga tu.
Na Jefwa, alipotoka zamu ya usiku bandarini,
alikunywa kahawa yote kwanza, kisha akasema:
"Tutahesabu siku."
Jefwa, asiyejua leo ni tarehe ngapi.

Ndani, Sista Mbodze alikuwa na sinia la chuma,
vitu vyake amevipanga kama muuza vipuli wa Mwembe Tayari:
vidonge katika karatasi ya fedha, kichupa cha sindano,
koili ya shaba na nyuzi zake mbili, mipira,
kijiti, na mkono wa plastiki
wenye rangi isiyo ya mtu yeyote.

Nilijiandaa kuulizwa: umeolewa? wasali wapi? mamako ajua?
Majibu nilikuwa nayo ulimini, machungu kama shubiri.
Yeye akavua miwani.
"Mwanangu, wewe ni msahaulifu?"

Nikacheka. Funguo, nikasema. Mwavuli.
Maharagwe, juzi, hadi yakawa makaa.
"Basi hivi tuviweke kando," akavisogeza vidonge
kwa kidole kimoja, bila kuvilaumu.
"Kichwa hukuuma upande mmoja? Hedhi nzito? Presha?"
Ukanda ukanibana mkono, ukapumua.
"Na mtoto, wamtaka lini?"

Hapo nilinyamaza.
Tangu nivunje ungo watu wamenitisha na mtoto
kama maji ya moto, kama askari wa kanjo,
na hakuna aliyewahi kuuliza namtaka lini.
Wamtaka. Kumbe yawezekana kumtaka
na kumwambia angoje.
Nje, mtu alishusha mitungi ya maji kutoka mkokotenini,
mmoja mmoja, nami nikawa naihesabu.

"Nikimaliza stashahada," nikasema kwenye mtungi wa sita.
"Nikihama pale tunapooga watu kumi na mmoja bafu moja.
Jina lake ninalo."
"Usinitajie," akasema upesi. "Jina halitajwi mapema."

Hakunificha. Damu yaweza kupotea,
yaweza kuja bila hodi.
"Kikikuchosha, rudi nikitoe. Hujafunga nacho ndoa.
Na maradhi hakizuii. Mipira hiyo, chukua."
Nikachukua. Kisha nikachukua tena.

Ganzi iliuma kuliko kijiti.

Jioni Jefwa aliiona bendeji, mkono wa kushoto.
Aliuliza kwa macho nani kaamua,
nami kwa mdomo nikamjibu:
maji ya wiki hii utapandisha wewe.
Akatazama mitungi, akatazama ngazi,
akaenda. Aliporudi mara ya tatu, jasho likimtiririka,
akauliza kama kinauma. Nikasema kidogo.
Akauliza kama naye angepaswa kuja.
Nikasema ndiyo.

Usiku nakigusa. Kipo, chembamba,
kama njiti ya kibiriti iliyosahauliwa mfukoni.
Sijui kama tutapatana. Nimejipa miezi mitatu.
Shangazi akipiga simu, nitamwambia
jino limeng'olewa.