Namba kwa Penseli

Daftari ni la Sompwe, kurasa mia mbili,
jalada limeliwa na mende pembeni.
Kanuni aliiandika mwenyewe, ukurasa wa kwanza:
*Huandikwa ile tu inayokwenda kwa nguvu zake.*
Wino wa bluu kwa za dizeli, mwekundu kwa za umeme.
Penseli haina kazi humu.

Tuko wanne. Yeye, mstaafu wa kupima dawa hospitalini,
Chola kinyozi wa Kampemba,
kijana Mwelwa, ambaye shule ilimrudisha nyumbani kwa deni la minervali,
nami, Musau, fundi cherehani, niliyeingia kwa bahati mbaya
siku treni ya Sakania ilipochelewa
na sikuwa na nguo ya kushona.

Habari ilitoka kwenye kiti cha Chola.
Mlinzi wa karakana, povu hadi masikioni:
*Kesho alfajiri kuna kitu kitapita tawi la kiwanda.
Msiniulize.*

Tawi la kiwanda! Pale kati ya mataruma
Mama Feza amepanda matembele misimu miwili.
Mbuzi wamesahau honi.
Tulifika kabla ya mwanga, mvua ya Novemba ikichuruzika,
mlima wa makapi ya shaba mweusi kuliko usiku wenyewe,
na Mwelwa ameinamia reli, sikio juu ya chuma,
anatuambia: bado, bado,
bado,
inakuja.

Mbele, kiinjini kidogo cha manjano,
kile cha kupanga mabehewa stesheni, kikikohoa.
Nyuma yake, kinyumenyume, jitu zima la umeme,
taa zimeng'olewa,
mikono yake ya juu imefungwa waya
kama miguu ya kuku anayepelekwa soko la Kenya.
Huku hakuna nyaya za umeme. Hapajawahi kuwa na nyaya.

Sompwe akafunika kalamu.
*Hii haitembei. Hii inatembezwa.*
Mwelwa: *Lakini si inapita?*
Chola akapangusa miwani kwa shati:
*Jeneza likipita hapa juu ya gari,
jioni nyumbani utasema umekutana na mtu?*
Hakuna aliyejibu. Treni ilijibu kwa kusimama.

Kwenye kimwinuko cha tanuri la matofali
majani ya matembele yaliyopondwa yalikuwa yameipaka reli ute.
Magurudumu yakazunguka palepale, yakilia, yakitoa cheche.
Dereva akachungulia: sanduku lake la mchanga tupu.
Akaomba mchanga
jinsi jirani anavyoomba chumvi, bila kutazama usoni.

Mama Feza anao, rundo la nyumba
anayoijenga mwaka wa saba sasa.
Aliyaangalia matembele yake, akaiangalia injini.
*Ndoo tatu. Nazihesabu.*

Basi tukainama. Kiganja baada ya kiganja
tukaitia reli mchanga kama mtu anavyotia unga wa bukari,
kidogo, usifanye mabonge.
Gurudumu likang'ata. Likateleza. Likang'ata tena.
Harufu ya chuma kilichoungua, na ya mboga.
Lile jitu likanipita kwa mwendo wa mtu mwenye kidonda,
nikaligusa ubavu: baridi, limelowa,
rangi ikabaki kwenye vidole vyangu.
Namba tatu za mwisho zilisomeka.

Honi ilipigwa mara moja tu, mbali,
tukiwa tumekaa juu ya ndoo.

Sompwe alikaa kimya muda mrefu.
Kisha akamwomba Mwelwa penseli.
Tarehe. Saa kumi na moja na dakika arobaini.
Namba tatu, na kabla yake vistari.
Kwenye safu ya nguvu alisita, akaandika:
*za kukopa.*

*Na mchanga wangu?* Mama Feza, mikono kiunoni.
Akaongeza: *Mchanga, ndoo tatu.*
*Mbili na nusu,* alisema Mama Feza. *Ya tatu mliimwaga njiani.*
Sompwe akafuta, akapuliza vumbi la kifutio,
akaandika upya.
*Mnaona,* akasema, *faida ya penseli.*