Mnong'onezi wa Jilore

Shimo langu lilikuwa kushoto mwa jukwaa,
kina cha goti, upana wa mtu aliyekunja miguu.
Baba alilichimba mwaka ule vijana wa ushirika
walipopasua mrihi ulioangushwa na upepo
wakajenga pale msitu unapoachia mikorosho.

Ukumbi? Sisi tuliuita ukumbi.
Mabati kumi na manane juu ya jukwaa,
juu ya watu hakuna kitu.
Pazia la magunia ya unga: ukikaa nyuma yake
ulisoma DARAJA LA KWANZA kinyumenyume.
Karabai mbili. Moja ilikuwa na kikohozi.

Umazi, walisema, sauti yako ni ya mchanga,
kaa chini, utupe maneno tukiyapoteza.
Nikayashika yote: ya hakimu, ya mke wa hakimu,
ya mwizi, hata mlio wa mbuzi.

Kila msimu wa korosho ukiisha tulicheza Kesi ya Mizani.
Tsofa ndiye aliyekuwa mizani:
mikono kaitandaza, kopo huku, kopo huku,
saa nzima hasemi, hapepesi.
Na Ngumbao, fundi baiskeli, mabega kama mlango,
alimsimamia mbele na kumshitaki:

*Mizani simama wima, useme uliyoona,*
*Gunia tulilopima, likapungua mchana,*
*Jasho letu la kulima, nani amelitafuna,*

hapo anakwama. Kila mwaka hapo hapo.
Anajikuna goti, ndiyo ishara yetu,
nami kutoka shimoni namtupia:

*Kama ungali mzima, mbona wainama sana?*

Watu walikuja kwa miguu kutoka Kakuyuni
kungoja goti lile likunwe.

Sasa, mwaka ambao malipo yalichelewa hadi mahindi yakabeba,
Chengo, mweka hazina, alikaa mbele
kwenye kiti chenye mikono, kilichoazimwa shuleni.
Mimi ndiye niliyefagia ofisi yake.
Nililiona jiwe la kupimia, limeandikwa ishirini,
limetobolewa chini, likamiminwa risasi tumboni.
Nililiinua. Nalijua uzito wa ishirini,
nimebeba maji tangu niko na meno ya utoto.

Ngumbao akafika. Akakwama. Akajikuna goti.

Nikamwambia: *Muulizeni Chengo jiwe lake limekula nini.*

Haikuwa na vina. Haikuwa na mizani.
Lakini aliisema kwa kifua chote,
kama alivyosema kila nilichompa.

Karabai ilikohoa.
Msituni kitu kilikanyaga jani, kikajuta.
Na Tsofa, ambaye kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kutikisika,
aliuacha mkono wa kulia ushuke
polepole, mpaka kopo likagonga mbao: kong'.

Jiwe lilipelekwa Malindi, likapimwa, tukalipwa nusu.
Kibanda cha baiskeli kiliungua wiki mbili baadaye.
Walipomhoji Ngumbao alisema, nilisahau tu maneno,
nikajazia yangu.
Hakuwahi kuniuliza. Alinipita njiani, akanisalimu,
akatengeneza pampu za watu chini ya turubai
hadi alipokufa.
Nami nikakaa shimoni. Hilo lilikuwa jambo langu, kukaa shimoni.

Mchwa wameula mchezo wote, karatasi na jalada.
Mabati yaliuzwa. Mrihi mpya umeota
pale hakimu alipokuwa akiketi.

Jana wamekuja watoto wa shule na simu.
Bibi, tuambie yote, sema kwa sauti.
Nimejaribu. Hayatoki kwa sauti.
Yanatoka yalivyoingia,
basi wamezima redio ya jirani, wamefunga kuku,
wamesogea hadi nikahisi pumzi zao sikioni.

Nikawapa mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu.
Wa nne ninao miwili.

Nimejikuna goti,
nikangoja.