Mpira wa Presha

Zeyana alinituma
asubuhi na mapema:
"Presha yangu imegoma,
yavuja huku pembeni.

"Mpira umekatika,
mvuke wote watoka,
maharage yanicheka
magumu mle majini."

Akanipa noti mbili
za kumi kumi kamili,
akanambia, "Jamali,
chenji irudi nyumbani."

Ananijua tabia.
Mtoto wa meza pia
ameshajaa, alia,
kwa kalamu za thamani.

Kumi na moja, nasema,
vidau vimesimama
kama vijana wa chama
wakiwapo gwarideni:

mmoja wa kungumanga,
mmoja rangi ya anga,
wa tatu kama mchanga,
wala hauonekani.

Naandika nini nazo?
Jina langu, kwa mkazo,
na tarehe ya likizo,
kisha natia pipani.

Darajani nikapita,
mpira nikitafuta,
miguu ikanivuta
mpaka Mkunazini,

pale kwa bwana Sherali
auzaye za awali:
saa, miwani, kandili,
na redio za zamani.

Kwenye sinia la bati,
kati ya shanga na vyeti,
imelala katikati
kalamu rangi ya jani.

Nibu yake ya dhahabu
ikawa hiyo sababu;
sikungojea jawabu,
mkono u mfukoni.

"Thelathini," akasema.
Nikacheka, nikahema,
nikageukia nyuma.
Akaita, "Ishirini!"

Nikanena, "Majaliwa!
Ndizo nilizopatiwa,
nami nimeandikiwa
tangu siku ya tumboni."

Suweidi kwenye simu,
mwenzi wa huu wazimu,
akauliza kwa hamu:
"Kilichobaki ni nini?"

Mali bila daftari
huisha bila habari.
Mie kalamu tayari,
daftari silioni.

Nyumbani nikaingia,
kimyakimya nanyatia,
kalamu nimeitia
kwenye kofia kichwani.

Zeyana hakugeuka,
mwiko wake wazunguka;
akasema, "Umefika?
Mpira u mkobani?"

Nikadai imekwisha,
kesho wataifikisha;
uongo wanichemsha
kama presha, kifuani.

Usiku, katika kiza,
bilauri nikajaza,
nibu nikatumbukiza,
ikoge mle majini.

Wino wa kale, mgando,
ukashuka kwa mafundo,
buluu, kama upindo
wa joho la harusini.

Nani aliyeujaza?
Neno gani akasaza?
Barua hakumaliza
aipeleke kwa nani?

Nikatazama maneno
yasiyopata mkono
yakizunguka kwa wino
bilaurini, gizani.

Na zangu kumi na mbili
zote zimejaa, kweli;
sijaandika kauli
hata moja ya moyoni.

"Zeyana, nimekosea.
Noti zimepotelea.
Kalamu hii, pokea,
ndiyo yasema, amini."

Nikaukunja waraka,
penye presha nikaweka,
nikalala, nikashtuka
kwa harufu ya jikoni.

Biki ya shule, ajabu,
imeandika jawabu,
bila tusi, kwa adabu,
chini ya yangu, pembeni:

"Jamali, hati i njema.
Miaka sijaisoma
tangu barua za nyuma,
za siku za uchumbani.

"Maharage ni magumu.
Utakula, ni hukumu.
Na kesho, hii kalamu
iandike ya dukani:

"mpira na pilipili,
mbatata; na neno hili:
usipite kwa Sherali,
pita njia ya sokoni."

Niko sasa njia panda,
orodha nimeipinda.
Suweidi anawinda,
anena masikioni:

"Kidau, ndugu, kimoja
cha zumaridi! Wangoja?"
Hatua tatu na moja
kutoka hapa, jamani.