Penseli

Nilisoma mita miaka kumi na tisa,
nyumba kwa nyumba, Naryn, ng'ambo yote ya mto.
Ndiyo maana wakaniita kamatini:
"Burulkan anajua nani hutumia nini."
Najua.
Najua na wanaotumia wasicholipia,
sikuwataja wakati ule, sitawataja leo.

Mezani kuna mapendekezo matatu.
La kwanza zito kama tofali, jaladani picha ya bwawa,
maji ya samawati kuliko mto wowote niliouvuka.
Ukurasa wa arobaini na moja: *kaya ya wastani*.
Nimebisha milango elfu mbili na ushei,
huyo Wastani hajanifungulia hata mara moja.
Alifungua Zuurakan, mkono una majivu,
jiko lake linakula samadi kavu,
na mjukuu nyuma yake akikohoa
kikohozi kisichoingia kwenye jedwali.

La pili ni la jua. Siku mia mbili na themanini kwa mwaka,
wanasema, na hawadanganyi, nimezihesabu.
Mimi naulizia zilizobaki.
Naulizia Februari, saa kumi na mbili jioni,
mji mzima unapochomeka birika kwa pamoja.

La tatu: bei ipande,
na maskini wapewe ruzuku
wakileta karatasi nne
za kuthibitisha kwamba hawana kitu.
Mwenye joto hamjui mwenye baridi.

Lakini Tynchtyk, mshauri kutoka Bishkek,
amekuja na viatu vyembamba kwenye theluji hii,
anasema polepole: "Mama, bei ikibaki hivi
nyaya zitaoza juu ya vichwa vyenu."
Nilitaka kumchukia.
Nyaya ninazijua. Zimeshaanza.

Kisha transfoma ya nje ikabadili sauti,
mngurumo ukashuka kidogo, kama ng'ombe anayelala,
nikasema, "Vaeni makoti,"
na kabla sijamaliza, giza.
Hakuna aliyeshtuka. Picha ya bwawa tu
ndiyo iliyokauka ukutani.

Tukaendelea kwa tochi za simu.
Ulukman, mwenyekiti, akataka tupige kura haraka,
vidole vilikuwa vinakufa ganzi.
Kubali au kataa.
Kalamu ya kamati iligoma, wino umeganda.
Nikatoa penseli, ile ile ya mita,
imebaki urefu wa kidole gumba.

Kwenye la kwanza nikaandika: *nani atahamishwa, taja majina.*
Kwenye la pili: *betri za nani, zikifa zitazikwa wapi?*
Kwenye la tatu nilikaa muda mrefu.
Tynchtyk akanimulikia, mkono ukimtetemeka.
Nikaandika: *sawa, ila karatasi moja, siyo nne,*
*na tuifuate sisi mlangoni.*

Ulukman akauliza hiyo ni kura gani.
Nikamwambia sijui inaitwaje.
Nje theluji ilikuwa imefunika njia,
tukashuka kilima tumeshikana mikono, kamati nzima,
tukizitambua nyumba kwa moshi wake.