Kilo Moja ya Unyevu

Taarifa ilifika saa nne usiku, ukurasa mmoja wenye nembo,
ikaruka simu hadi simu kutoka Mtandi mpaka Mkuti:
Bi Somoe Nalyoto, aliyekuwa Mkurugenzi Mtendaji
wa Kampuni ya Korosho Lukuledi,
ameteuliwa kuwa Katibu Tawala wa Mkoa.
Uteuzi huu unaanza mara moja.

Mara moja. Mimi nikaisoma mara tatu.
Mke wangu anamenya ming'oko, hakuinua kichwa:
"Basi na wewe umepanda cheo."
Nikacheka kicheko cha mtu
anayejua funguo za ghala ziko mfuko gani.

Maana karani wa mizani ni mimi.
Miaka kumi na mmoja nimesimama
kati ya gunia la mkulima na kalamu ya kampuni,
na ni yeye, siku ya pili tangu aripoti,
kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani,
aliyeniambia: "Mchopa, kila gunia, kilo moja ya unyevu."
Korosho zilikuwa kavu, zinalia kama kokoto.
Nikakata kilo.

Sitamwita mwizi. Naomba nieleweke.
Aliwatimua watu wa kangomba na mabakuli yao.
Alilipa kwa siku tisa, wenzake wakilipa kwa ahadi.
Usiku mwanangu alipokakamaa kwa degedege
gari lililotufikisha Ndanda lilikuwa lake,
na aliyeliendesha alikuwa yeye, peku, hana hata kitenge begani.
Na kila gunia, kilo moja.
Yote mawili yamo moyoni mwangu,
lakini kwenye daftari limo moja tu,
kwa mwandiko wangu.

Tukamwona akiapa. Bega la kushoto limeshuka kidogo,
lile la mkoba.
Stendi kila mtu akawa na lake:
"Sasa serikali nayo itatafuta faida."
"Afadhali. Hasara tumeshaizoea."
Mama Nachitundu wa Chiungutwa, mwenye mikorosho arobaini,
aliweka chini ndoo yake ya mabibo akauliza
kampuni ikimpunja akashtaki kwa nani,
kwa huyo aliyekuwa kampuni?
Vijana wakaendelea kutazama simu zao.

Oktoba akaja. Magari matano.
Akauliza mizani iko wapi, kana kwamba hajui.
Watu wa vipimo wakapanga mawe yao ya chuma,
ishirini, arobaini, themanini,
na mizani ikasema kweli, kama ilivyosema siku zote.
"Iko sawa, Mheshimiwa." Makofi.

Yeye hakupiga.
Alikuwa anatazama kalamu yangu.
"Na makato ya unyevu," akasema, "mnayapimaje?"

Kipima unyevu kilikuwa rafuni, ndani ya boksi,
na nailoni yake ya dukani.
Meneja mpya akakohoa.
"Hatuyapimi," nikasema.
"Tangu lini?"

Kiswahili kilinihurumia pale. Nilisema:
"Tangu mwaka uliokuja."

Mwaka uliokuja. Ulikuja mwaka, au ulikuja wewe,
sikufafanua.
Kijana wa muhtasari akainua kichwa: "Upi huo, mzee?"
Jasho lilikuwa limechora mstari chini ya ushungi wake,
na kwa muda mrefu kuliko inavyofaa mbele ya msafara
tulitazamana, mimi na mtu aliyewahi kumbeba mwanangu.

"Andika," akamwambia kijana, "kama alivyosema."

Wakaondoka kabla ya chai.
Boksi lilifunguliwa alasiri ile, nailoni ikachanwa kwa meno.
Gunia la kwanza likapanda. Themanini na moja, kavu.
Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye safu ya makato,
ukasimama pale,
na Mama Nachitundu ameegemea mlango wa ghala
anautazama.