Mpaka wa Wino

Miaka miwili tangu walikate, na titi bado linawasha,
titi ambalo halipo. Mara ngapi nimepeleka mkono gizani
nikakuta kovu na ubavu.

Mpunguzi wanasema: shukuru, umepona.
Nashukuru.
Lakini khanga ikinigusa huku ndani ya mkono
ni kama nimepita kwenye upupu,
na vidole viwili juu yake
ningechomwa mwiba wa mgunga nisijue.

Mama mkwe alisema ni baridi ya Juni, akanipaka samli.
Ndahani alisema ni hofu.
Mimi nilijua umerudi. Usiku nilihesabu watoto.

Leo Dokta Chiwanga hakuharakisha.
Alichukua pamba, akaipitisha: hapa? Na hapa?
Akachora kwa kalamu, juu ya ngozi yangu,
ganzi inapoishia na moto unapoanzia,
kama mpima viwanja.
"Haujarudi," akasema. "Ni neva.
Inapita kwapani, nyembamba kama uzi.
Kisu kilifuata saratani, kikaigusa.
Sasa inapiga kelele bila kuitwa."

Nililia hadi nesi akafunga mlango.

Kidonge kimoja, kila usiku. Huenda kikapunguza. Huenda.

Jioni naingia shambani. Ni majira ya kupogoa;
mzabibu uliokatwa jana unatoka maji nchani,
tone,
tone.
Ndahani, mkasi mkononi, anauliza wamesemaje.
Nafungua vifungo. Namwonyesha mstari wa wino.
"Usiguse," namwambia. "Soma."