Kanyagio

Mguu wenyewe ndio huu wa kulia,
ule ule wa kanyagio.
Wa kushoto mzima, hauna kazi,
unanitazama kama mgeni asiyejua kupika.

Ngazi haina kosa. Maji yalimwagika,
nami nimebeba jora la poplini la nguo za Idi,
rangi ya ndimu changa.
Sikuliachia.
Jora lilifika chini halina hata vumbi,
fundo langu la mguu likageukia nyuma
likitazama nilikotoka.

Mnazi Mmoja walinidunga sindano ya mgongo.
Nusu yangu ikafa, nusu ikawa inasikiliza.
Nikasikia keekee, wallahi,
kama ya Foum fundi milango.
Nikasikia mtu anaomba skurubu nyengine,
ndogo, akasema, hii inapita.
Nikataka kumwambia: pima kwanza, mwanangu, ndiyo utoboe.
Ulimi umejaa usingizi.

Walipofungua bendeji niliinama kuutazama mshono.
Kumi na saba. Nilihesabu kabla ya nesi.
Mwanzo kashona vizuri, katikati kaenda mbio,
mwisho kavuta uzi mno, nyama imekunjana
kama kola ya mwanagenzi.
"Kapiga bandi," nikasema.
Nesi alicheka mpaka akaweka mkasi chini.
Mie sikucheka. Bandi ni ya kufumuliwa.

Wiki sita usikanyage, kasema daktari,
kwa sauti ya mtu anayekaa nyumba ya chini.
Sisi Michenzani, ghorofa ya tano,
lifti hatuijui.
Nilipandishwa juu ya kiti cha plastiki
na vijana wanne wa kibanda cha simu.
Kila waliponiweka chini kupumua
majirani walitoka kunipa pole na kuukagua mguu.
Mpaka nafika mlangoni nimeshaanguka mara ishirini
kwa kusimulia.

Ramadhani ikaingia mguu uko juu ya mito mitatu.
Kipande cha mbingu, tangi la maji la jirani,
kunguru mmoja anayekuja saa nne kama mdai.
Kikapu nakiteremsha kwa kamba:
kinashuka na noti, kinapanda na ndimu,
na siku moja kikapanda na vipande vya kanzu ya mtoto
na karatasi:
*Bi Zuwena, hata kwa mkono, hatuna mwengine.*

Basi nikashona kwa mkono.
Kanzu moja siku tatu.
Charahani ingeimaliza kabla ya adhuhuri
na ikabaki na wakati wa kulalamikia mafuta.
Usiku mguu unawasha kule ndani pasipokunika,
chuma kinaijua mvua kabla ya kunguru.
Naota nakanyaga: gurudumu linazunguka,
nguo haipo.

Asubuhi ya Idi watoto walishuka ngazi kwa viatu vipya.
Dirishani nikahesabu pindo zangu zikivuka barabara.
Tatu.
Mwaka jana nilichoka kuhesabu.

Wiki ya nane nimepewa Salhiya wa mazoezi,
binti mdogo, mikono ya baridi.
Andika, kasema, kwa kidole gumba cha mguu, hewani.
Alifu. Be. Te.
Miaka hamsini na tatu nimerudi chuoni!
Alifu imesimama, be imelala,
nikifika jimu nakwama,
tumbo la jimu linapita pale pale penye skurubu.
"Hiyo haisomeki," kasema. "Rudia."
Kisha akaniuliza kama nyumbani kuna ngazi.
Nikamwambia zipo themanini na nane,
moja naijua kwa jina.

Jana nilijikokota mpaka kwenye charahani.
Nikaondoa shuka. Uzi sikutia.
Nikauweka mguu juu ya kanyagio
kama unavyoweka mkono
kwenye paji la mtoto mwenye homa.
Nikasukuma.
Sindano ikashuka, ikatoboa hewa, ikapanda.
Mara moja.

Nikakaa pale pale.
Chini mtu akaita, "Kikapu!"
Nikamjibu, ngoja kidogo,
naandika jimu.